Shibiri Tano na Vidole Viwili

Shule zilipofungwa kwa sababu ya maradhi, binti yangu aliletewa somo la ufundi ndani ya simu. Mwalimu wake alikuwa amejipiga video akitengeneza kigoda, na mtoto akamfuata hatua kwa hatua, akisimamisha picha kila mara, mpaka baraza yangu ikajaa unga wa mbao. Watu wa nyumbani wakashangaa, eti dunia imefika wapi, siku hizi hata useremala unafundishwa kwa mbali. Ubao aliopewa ulikuwa wa takamaka, na takamaka ikipigwa randa hutoa harufu tamu yenye ukali kidogo nyuma yake. Iliponifikia nikaingia ndani, nikajifanya natafuta chumvi.

Ninyi wa rika langu mliokulia Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, wakati ule mnajua kwamba video ile haikuvumbua kitu. Sisi tulifundishwa useremala kwa kanda za kaseti.

Baba alikuwa anafundisha kazi za mbao katika shule moja ya mjini. Wanafunzi walimwita Fundi, kama tunavyowaita walimu wote, lakini yeye alikuwa seremala kwanza, aliyefundwa na mjomba wake kabla hajaota ndevu. Namba hazikumkaa kichwani. Alilikiri jambo hilo kwa majigambo: ukimwambia sentimita, kesho amesahau, lakini kitu alichokipima kwa mkono wake hakimtoki. Madawati yote ya shule ile aliyafunga yeye, miguu ya chuma chini na mbao juu, na umbali wa kila tundu la bolti aliujua kwa shibiri na vidole.

Alikwenda Moroni, mji mkuu ulioko kisiwa cha Ngazidja, kwa siku nne, kununua patasi na keekee katika soko la Volo Volo. Kisiwa chetu kilikuwa kimekwisha kujitenga na serikali ya Moroni, na hilo tulikuwa tumelizoea, tukiimba barabarani nyimbo ambazo maana yake hatukuijua. Siku ya tatu Moroni ikafunga njia. Meli hakuna, ndege haitui uwanja wetu wa Ouani, na simu ukipiga unasikia upepo tu. Siku nne zikawa mwezi, mwezi ukawa miezi. Huku nyuma vijana wa kwetu wenye bunduki wakaifanya shule kambi yao. Walilala madarasani na kupikia mbao za madawati. Ukipita nje uliiona ile miguu ya chuma imerundikwa uani, na hukuthubutu kusimama uitazame vizuri.

Kanda ya kwanza ililetwa na Bweni Zahara, bweni kwetu ni kama kusema bibi, mfanyabiashara wa vitunguu na sabuni aliyekuwa akizunguka kwa mashua ya injini kupitia kisiwa cha Mwali, akiteremka pwani ya Mirontsy, jirani na mji wetu, pale ambapo hakuna anayeuliza maswali mengi. Kanda haikuwa jambo geni. Kila nyumba ilikuwa na jamaa Marseille aliyetuma sauti yake badala ya barua, nasi tukageuza upande wa pili tukamjibu. Basi tukakaa, mama, mimi na majirani wawili, na baba akatusalimu mmoja mmoja kama yuko mlangoni. Kisha akasema amesikia habari za madawati. Akataka wanafunzi wake waitwe.

Mpango wake ulikuwa mfupi. Mbao ziandaliwe kwetu barazani, zipigwe randa na kutobolewa, zingoje. Siku vijana wale watakapoondoka, watoto waingie siku hiyo hiyo, wafunge mbao juu ya chuma, wakae. Alisema watu wenye bunduki huona haya kumwinua mtoto aliyekwisha kukaa darasani, lakini chumba kitupu watakirudia. Ndiyo maana mbao zilitakiwa kutoshea mara ya kwanza, pasipo kurekebisha.

Walikuja tisa, kila siku baada ya sala ya alasiri. Mkubwa wao alikuwa Anfani, mwenye mikono mirefu na haraka ya kuvunja kila alichoshika. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sikuwa mwanafunzi wa mtu, ila kinasa sauti kilikuwa chetu, kwa hiyo kubonyeza ilikuwa kazi yangu, na nilijiona mkubwa kuliko wote. Mama alikaa kizingitini akichagua mchele.

Sijui kama nimepata kufundishwa vizuri namna ile tena. Hakuweza kutuonyesha, kwa hiyo alitusikilizisha. Aliweka kinasa karibu na ubao, akapitisha randa, shwaa, ndefu na laini, akasema hiyo ndiyo sauti ya randa inayofuata njia ya mti. Kisha akaigeuza, ikakwaruza, akasema mkisikia hivyo simameni. Upande wa pili wa kanda wanafunzi walijirekodi wakikata, kila mmoja akitaja jina lake kwanza. Wiki mbili baadaye majibu yalirudi. Rukia, msumeno wako una njaa, upake mafuta. Anfani, unasukuma, mbona unasukuma, uache ukate wenyewe. Anfani aliona haya kama aliyekamatwa akiiba, maana kweli alikuwa anasukuma, na mtu wa ng'ambo ya bahari amemwona.

Vipimo ndivyo vilivyotuletea matatizo. Baba alituma kamba iliyofungwa mafundo, kila fundo mahali pa tundu la bolti. Haikufika. Bweni Zahara aliikuta ndani ya kasha la kanda wakiwa katikati ya bahari, bahari imechafuka, na mwanamke yeyote wa kwetu akikuta kamba ya mafundo aliyofungiwa mzigoni bila kuambiwa hasubiri maelezo, huo ni uchawi. Alisoma alichosoma, akatema mate mara tatu, akaitupa majini. Alipotueleza hakuona haya hata kidogo. Alisema baada ya hapo bahari ilitulia.

Basi baba akaja na njia nyingine. Kila sikukuu, kabla hatujatoka kwenda kusalimia watu, alikuwa na desturi ya kuulaza mkono wangu juu ya wake, kuona nimekua kiasi gani. Katika kanda ya nne akasema: "Acheni mikono yenu, kila mmoja ana shibiri yake. Tumieni mkono wa mwanangu. Ule naujua." Tundu hadi tundu, shibiri tano na vidole viwili vya mkono wangu. Ukingo hadi tundu, vidole vitatu.

Mtu atauliza kwa nini hakuazima rula. Hata mama aliuliza, tena kwa hasira. Leo mimi ni mzazi na sina haja ya kuuliza.

Nilitembea kifua mbele wiki nzima. Watoto wakubwa waliningoja nioshe mikono. Nilitandaza kiganja juu ya ubao, Anfani akaweka alama ya mkaa kwenye ncha ya kidole changu kidogo, nikasogea, nikatandaza tena. Mbao zenyewe zilikuwa zimepatikana kwa shida. Bibi yake Anfani, Koko Mariama, alitoa ubao wa kitanda cha marehemu mumewe, takamaka nzito iliyokolea wekundu, akasema marehemu hana haja nao, shule inayo. Mbao nne tulizitoboa kwa mkono wangu wa kweli.

Kisha kanda zikabadilika. Baba aliacha kupiga randa. Sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu anayezungumza akiwa amelala. Na katika kanda ya sita, alipokuwa katikati ya kueleza jinsi ya kunoa patasi, nilisikia nyuma yake mlango, kisha vyombo, kisha sauti ya mwanamke ikimwita kwa Kingazidja aje ale. Na baba akamjibu kwa Kingazidja hicho hicho, taratibu, kama mtu wa nyumbani.

Kwetu mtoto wa miaka kumi hahitaji kuelezwa. Nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume huhamia kwa mkewe, na nyumba anamopakuliwa chakula ndiyo nyumba yake. Nilikuwa nimekua nikiona wanaume wenye nyumba mbili, Jumatatu huku, Jumanne kule, na niliwajua watoto wao waliokuwa wakihesabu siku. Nikaelewa kila kitu, au nilidhani nimeelewa. Njia haikufungwa, baba ameamua. Ile sauti ya chini ni ya starehe. Nikamtengeneza mwanamke yule kichwani mwangu, kijana, uso umepakwa liwa ya msandali, anampangia baba bakuli. Nilimtazama mama. Alikuwa amesikia kama mimi, na mikono yake ilisimama juu ya ungo kwa muda mfupi, kisha akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Nilimwonea huruma, nikamdharau pia, na kati ya yote niliyoyafanya utotoni dharau ile ndiyo inayonichoma karibu sawa na hili ninalotaka kusimulia.

Kesho yake waliniwekea ubao wa Koko Mariama. Nikatandaza mkono wangu, na nikauvuta kidogo. Si sana, unene wa ukucha tu, kidole gumba hakikufika kilipopaswa kufika. Nikasogea nikafanya hivyo tena. Shibiri tano, kucha tano. Anfani akaweka alama zake kwa uangalifu ambao hakuwa nao zamani, ulimi nje, akiogopa kunichafua. Ubao ule na mbao nyingine kumi na moja zilizofuata nilizifanyia vivyo hivyo. Nilitaka nini? Nilitaka kazi yake iharibike. Nilitaka ajue kuwa mkono wangu si mali yake tena.

Vijana wale waliondoka shuleni asubuhi moja, ghafla, baada ya kugombana wenyewe kwa wenyewe. Habari ikafika kwetu kabla ya adhuhuri. Wanafunzi wakabeba mbao vichwani kupitia vichochoro vya mji wa kale, watu wakitoka milangoni kuwatazama, wengine wakiwapigia vigelegele. Mbao nne za kwanza zilikaa juu ya chuma kama zilizozaliwa pale. Watoto wanane wakakaa juu yake. Wa tano ulikuwa wa Koko Mariama. Bolti ikaingia upande mmoja, upande wa pili tundu likatazama chuma kitupu. Anfani akageuza ubao, akajaribu tena, akajaribu wa sita, wa saba. Hakuna aliyenitazama. Walitazama mbao. Rukia alilia, na Anfani, ambaye hakupata kulaumu kifaa maishani mwake, alisema huenda yeye ndiye aliyeweka alama vibaya. Nilimwacha aseme.

Siku mbili baadaye vijana walirudi. Madawati manne yaliyokaa vizuri hayakutosha kumtia mtu haya.

Wanafunzi walirekodi kisa chote, na jibu lilikuja haraka kuliko kawaida. Sauti ya baba ilikuwa chini kabisa. Hakuuliza nani kakosea. Utepe ukazunguka, tukasikia kuku wa Moroni. Kisha akasema:

"Kosa ni langu, watoto wangu. Mkono wa binti yangu nimeukuza mwenyewe kichwani. Nimekaa huku nikimfikiria, na kila siku nimemwongeza kidogo, kumbe bado ni mdogo kuliko ninavyomkumbuka. Mtoto mdogo hivyo haachwi. Mwambieni mamake nakuja na Bweni Zahara safari ijayo."

Mama aliinuka, mchele ukamwagika. Sikuwahi kumwona akimwaga chakula. Aliwatoa wanafunzi wote, akafunga mlango, akaniambia nibonyeze, atamjibu sasa hivi kabla Bweni Zahara hajaondoka, amkataze. Mimi nikasema, kwa ule ujuzi wangu wote, kwamba mwacheni akae na mkewe.

"Mke gani?" mama akauliza.

Nikamwambia. Vyombo, sauti, chakula. Mama aliketi. Hakunipiga, na ingekuwa afadhali. Alinieleza kwa sauti ya chini, kama ile ya kwenye kanda, kwamba huko Moroni watu wa Ndzuani walikuwa wanasakwa majumbani, wanatupiwa mawe, wanasukumwa mpaka bandarini. Mwanamke yule alikuwa bibi kizee, mama wa mwalimu mwenzake baba. Alikuwa amemficha kwenye chumba cha nyuma kwa miezi mitatu, kila siku akitoka kuuza muhogo Volo Volo na kurudi kumpikia, na majirani wakiambiwa ni mpwa wake mgonjwa. Ndiyo maana hakupiga randa. Ndiyo maana alizungumza Kingazidja. Mama alijua yote kutoka kwa Bweni Zahara, na hawakuniambia kwa sababu mtoto husema, na neno moja lingevuka bahari.

"Kule yuko salama," mama akasema. "Akitoka barabarani, au akiteremka huku akitokea Moroni, simjui atakayemkamata kwanza. Mwambie asije. Wewe atakusikia."

Akanisogezea kinasa sauti. Taa nyekundu ikawaka. Nikamwambia baba asije. Nikamwambia sijambo, nakula, nasoma Kurani, nimefika juzuu ya nane. Nikamwambia nimekua sana. Mama alinipa ishara niendelee, niseme lolote litakalomshika. Lililokuwepo lilikuwa moja, nami nililijua: mkono wangu uko vile vile unavyoujua, baba, mimi ndiye niliyeuvuta. Lilifika mpaka kwenye meno. Nilimwona mama akinisikiliza, na Anfani nje akingoja kupeleka kanda Mirontsy, nikaona jinsi watakavyonitazama. Nikasema kwaheri nikabonyeza.

Hakuamini, bila shaka. Mtoto anayesema amekua sana, na kipimo kinasema ni mdogo, mtu kama baba ataamini kipimo.

Aliteremka Mirontsy alfajiri pamoja na magunia ya vitunguu. Walimkamata kabla hajavuka barabara, vijana wa kwetu, wengine aliwahi kuwafundisha. Mtu anayetoka Moroni amefuata nini, na kanda zile mkobani ni za nini? Wakazisikiliza. Shibiri tano, vidole viwili, toboa hapa, usisukume. Hawakukubali kwamba ni madawati. Walimshikilia siku kumi na moja, na katika siku hizo mmoja wao aliuvunja mkono wake wa kulia kwa kitako cha bunduki, ili aseme maana ya zile namba.

Mkono ule haukupona vizuri. Vidole vitatu vilikauka vimekunjwa, na baba hakushika patasi tena. Shule ilipofunguliwa kwa kweli, mwaka uliofuata, alirudi darasani akawa anakaa mbele ya wanafunzi na kuwafundisha kwa sauti tu, akifumba macho ili asikie nani anasukuma. Nilikuwa naye kila nilipopata nafasi. Nilipiga randa kwa niaba yake, nilinoa patasi zake, watu wakanisifu kwa kumtumikia baba yangu. Sikuwahi kuwakatiza. Sasa amezikwa, na mama naye amezikwa, na huyu binti yangu wa kigoda ndiye wa kwanza niliyemsimulia, juzi, baada ya kurudi kutoka kutafuta ile chumvi.

Lakini siku aliyoachiliwa ndiyo ninayoiona. Aliletwa na wazee wawili, amekonda, mkono umefungwa kitambaa cha mama mmoja tusiyemjua. Mama alimwekea chai na mkate wa wali. Hakugusa. Aliniita, akasema nipe mkono, nami nikampa. Akaulaza juu ya mkono wake wa kushoto, kiganja kwa kiganja, akalinganisha gumba, akanyoosha kidole changu kidogo mpaka mwisho, polepole, akahesabu kwa midomo. Ncha ilifika pale pale aliposema itafika. Akahesabu tena. Nilimtazama usoni nikingoja aelewe, maana alikuwa seremala, na seremala akikuta kipimo ni sahihi na ubao haukutosha, hutafuta aliyeshika kipimo.

Hakutafuta. Uso wake ulifunguka wote. Akamwita mama aje aone, akacheka mpaka mkono ule mwingine ukamuuma akaushika.

"Unaona?" akamwambia. "Sikumsahau. Nilidhani nimemsahau mwanangu."